Kuchekana Si Kuchekwa

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye harusi ya binti wa jirani yangu. Ukumbi ulipambwa ukapambika, pilau ilinukia tangu mlangoni, na maharusi walikaa jukwaani wametulia kama picha. Mshereheshaji, kijana hodari wa maneno, alishika kipaza sauti akamwambia bwana harusi kwamba ile ndiyo siku yake ya mwisho kucheka; kuanzia kesho atakayecheka ni mke, na pochi ndiyo itakayolia. Ukumbi ukaangua kicheko. Akaendelea. Akasema mke ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Akasema anayeoa ajiandae kunywa limbwata kabla ya chai. Kisha akasema dawa ya mke mwenye gubu inajulikana tangu enzi za mababu, na hapo akainua kiganja kama atakaye kupiga kofi, akakirudisha taratibu mfukoni. Kicheko kilifika darini. Bwana harusi alicheka pia. Bibi harusi aliinamisha uso, kama desturi inavyomtaka, na kipaza sauti hakikumfikia usiku kucha isipokuwa pale aliposema "asanteni".

Nilimnong'oneza kijana aliyeketi kando yangu kwamba mizaha ile haikunipendeza. Akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana wametuwekea sisi wastaafu, akasema, "Mwalimu, huo ni utani tu."

Neno hilo, "utani tu", ndilo lililonikalisha mezani kuandika. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nami najua kwamba kijineno "tu" ni komeo: mtu akishakitamka, mlango wa hoja umefungwa. Leo nataka kuufungua. Dai langu ni hili: mzaha juu ya ndoa ni mali ya kale na ya thamani katika sanaa yetu, wala siombi ukomeshwe. Ila mengi yanayouzwa siku hizi kwa jina la utani si utani, kwa kuwa yamempokonya mmoja wa wawili haki ya kujibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu sisi utani ni taasisi yenye kanuni, hata kama hazikuandikwa popote. Babu na mjukuu hutaniana. Mtu na shemeji yake hutaniana. Kabila na kabila hutaniana. Kanuni ya kwanza ni kwamba anayetania hutaniwa. Akikuita mchoyo, wewe utamwita mlafi. Akija msibani kwako akazuia jeneza lisishushwe mpaka apewe chochote, nawe siku yako ikifika utakwenda kwake kufanya hivyo hivyo, na hakuna atakayekushangaa. Kanuni ya pili ni kwamba mtani hanuni. Lakini ya pili imesimama juu ya ya kwanza. Huwezi kumkataza mtu kununa ikiwa umemkataza kujibu. Mtu anayesemwa bila kupewa zamu yake, huyo hataniwi, anasimangwa. Lugha yetu haikuwa na uvivu katika jambo hili: imetupa mzaha na masihara, imetupa dhihaka, kejeli, stihizai na masimango. Kuyakusanya yote hayo katika kapu moja na kuliandika "utani" ni umaskini wa msamiati kabla ya kuwa upungufu wa adabu.

Sarufi nayo inashuhudia. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ile -w- ya kauli ya kutendwa imebeba mizaha mingi kuliko tunavyodhani. Mwanamume akionekana anamsikiliza mkewe kabla ya kununua kiwanja, wenziwe barazani humwambia, "Wewe umeolewa." Kichekesho chote kimo katika kiambishi hicho kimoja, na kila msemaji wa Kiswahili hukielewa papo hapo bila kufafanuliwa. Lakini sarufi hiyo hiyo ina kauli ya kutendana: watu huoana. Waliosema "ndoa ndoana" walikuwa wanacheza na sauti, wakiwaza chambo na chuma cha wavuvi. Masikio yangu ya kizee husikia pia "oana" ndani ya ndoana hiyo, na hunikumbusha kwamba ilionasa ni midomo miwili. Basi kitenzi "cheka" kina njia hizo hizo. Kuna kuchekwa na kuna kuchekana. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila kichekesho cha ndoa, kiwe cha jukwaani, cha kalamu au cha simu ya mkononi: je, hapa watu wanachekana, au kuna mmoja anayechekwa?

Tukikishika kipimo hicho tukakipeleka kwenye sanaa yetu ya zamani, tutaona mambo ya kufurahisha. Ushahidi wangu wa kwanza unatoka mahali ambapo wengi hawatarajii kicheko. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mwanamke wa Pate mnamo 1858 kumwusia bintiye, husomwa kwa uso mkavu. Wapo wanaousifu kwa kuwa unamfunza mke utii, na wapo wanaoulaani kwa sababu hiyo hiyo. Mimi niliufundisha miaka mingi, na kila tulipofika pale mama anapomshauri binti amtunze mumewe mithili ya mtoto ambaye bado hajajua kusema, wasichana wa madawati ya nyuma walitazamana. Walikuwa wameona kitu ambacho maswali ya mtihani hayakukiuliza. Huyu bwana wa nyumba, anayetiiwa na kupepewa, ghafla amekuwa kitoto cha kubebwa. Sidai kwamba nimeingia moyoni mwa mtunzi. Nadai kwamba beti zile zinastahimili tabasamu, na kwamba picha ile isingetungwa na mtu ambaye hajawahi kuishi na mume.

Ushahidi wa pili umejifungwa kiunoni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo ulimi wake. Mume aliyechelewa kurudi, akimkuta mke amejitanda kanga mpya, husoma maandishi kabla ya kutoa salamu. Akiwa mjanja hasemi neno. Siku ya tatu hurudi na doti nyingine aliyoichagua dukani kwa makini, yenye jina la kujibu jina. Nimeshuhudia katika ukoo wetu ugomvi wa mwezi mzima ukiendeshwa hivyo bila mtu kupandisha sauti, na aliyefaidika zaidi alikuwa muuza kanga. Huo ni mzaha wa ndoa uliokamilika: kuna kijembe, kuna zamu, na mwisho kuna nguo mpya.

Wa tatu ni ngonjera. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA walipoieneza, sisi walimu tuliipeleka shuleni, na kila shule ilikuwa na ngonjera yake ya mume mlevi na mke msemaji. Mafunzo yake mara nyingi yalikuwa mazito kama gunia la chumvi, nakubali. Lakini umbo lenyewe lililazimisha haki. Mume akimaliza ubeti, mke anaingia. Akimkejeli kwa vina, anakejeliwa kwa vina vile vile, na aliyeshindwa kumudu mizani ndiye aliyezomewa, awe nani. Mvulana aliyeigiza mume alijua tangu mwanzo kwamba jibu linakuja.

Jukwaa la tamthilia halikuwa nyuma. Waliosoma *Ngoswe* ya Edwin Semzaba wanamkumbuka Mzee Mitomingi na wakeze, na karani wa sensa aliyekuja kuhesabu watu akaishia kumpenda binti wa mwenyeji wake. Tulicheka darasani mpaka kengele ikatupita. Lakini tazama kicheko kile kiliwaangukia akina nani: karani mwenye dhamana ya Serikali, na mkuu wa kaya ambaye hasira zake ziliishia kuteketeza karatasi za taifa. Mwenye mamlaka ndiye aliyevuliwa kofia.

Na ng'ambo ya mpaka, Wakenya walikuwa na Mzee Ojwang' na Mama Kayai katika *Vitimbi*. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, na Mary Khavere waliigiza unyumba ule kwa miaka mingi hata watazamaji wengi wakadhani ni mume na mke kweli. Kwa nini walidhani hivyo? Naamini ni kwa sababu ya majibu. Mzee alikuwa na makuu yake, mama alikuwa na ulimi wake, na hakuna aliyekuwa ukuta wa kupigia mpira. Watu waliooana kweli hujibizana, na watazamaji wanaijua sauti hiyo wanapoisikia.

Sasa turudi nyumbani, turudi leo. Sitaji majina, maana nalitaka kosa wala simtaki mkosaji. Fungua simu yako, tazama vichekesho kumi vifupi juu ya mume na mke, uhesabu mwenyewe ni mara ngapi mke anasema jambo la akili. Mara nyingi atakuwa anadai pesa, analia, analala, au anafumaniwa. Mara nyingi maneno yake ya mwisho ni yowe. Taarabu ya kisasa, ambayo ingeweza kuwa mahakama ya wanawake, mara nyingi imewageuza wake wenza na wapenzi wapinzani kuwa majogoo wa kupiganishwa: wao kwa wao wanarushiana vijembe, na mwanamume ambaye ndiye chanzo cha shari haguswi na hata kituo kimoja.

Kati ya mizaha hiyo yote, unaonikera zaidi ni ule unaoonekana mpole kuliko yote: limbwata. Mnaujua. Mume anaosha vyombo, jirani anachungulia, jirani anasema, "Kalishwa." Mume anambeba mtoto mgongoni, "Kalishwa." Mume anakwenda kliniki na mkewe mjamzito, "Huyo kanyweshwa ndoo nzima." Tunacheka, na tukishacheka tumekubaliana jambo zito bila kulijadili: kwamba wema wa mwanamume nyumbani kwake hauwezi kuwa na chanzo cha kawaida. Lazima uchawi utajwe. Ukatili hauhitaji maelezo, ulevi hauhitaji maelezo, bali sufuria moja iliyooshwa inahitaji mganga. Na mke, ambaye labda alichofanya ni kupendwa tu, anatoka katika hadithi hiyo akiwa mlozi. Ni kichekesho kinachowaadhibu wawili kwa kupatana. Najua wanaume waliouacha wema wao mlangoni kwa kuogopa kicheko hicho, na nilipokuwa kijana nilikuwa mmoja wao. Maji nilichota usiku.

Kisha kuna kofi. Kofi ndilo hitimisho la wavivu. Mwandishi wa kichekesho akiishiwa jibu, mume anapiga, mke anaanguka na sufuria, muziki unalia, na kisa kimekwisha. Hapa ninapaswa kueleza jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Miaka mingi iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kutunga kichekesho kifupi chenye kichwa "Jioni Moja Nyumbani". Kundi moja liliigiza baba anayerudi amechelewa na kuuliza chakula. Mama akajibu jambo. Baba akampiga kofi, mvulana wa pembeni akipiga makofi ili sauti isikike. Mama akaanguka chali na vyombo vyake. Darasa lilicheka hadi machozi. Mimi nilicheka pamoja nao, nikalipa kundi lile alama za juu kuliko yote.

Kipindi kilipokwisha, msichana aliyeutunga mchezo ule alibaki kufuta ubao. Nikamsifu, nikamuuliza alikotoa kisa kizuri namna ile.

"Nyumbani, mwalimu."

Sikujua la kusema. Naye, labda kwa kunihurumia, akaongeza huku amenipa mgongo, "Lakini nyumbani mama hasemi kitu. Yale maneno aliyomjibu baba nilimwongezea mimi."

Hadi leo siyakumbuki maneno yale. Nimejaribu mara nyingi. Mtoto alikuwa amemtungia mama yake jibu, pengine jibu pekee ambalo mama yule alipata kulitoa maishani, akalitamkisha mbele ya watu arobaini na mwalimu wao wa fasihi. Nasi tulilipita kwenda kulicheka kofi. Kofi nalikumbuka vizuri sana.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inasema wazi katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Bunge lilimaliza hoja hiyo nikiwa mtoto, lakini jukwaa halijaimaliza. Kwa nini? Kwa sababu sheria hukataza mkono, na kicheko huuruhusu tena. Kijana anayemwona mkubwa wake akicheka kofi la jukwaani hajifunzi kwamba kofi ni halali. Anajifunza kwamba ni jambo dogo. Na dogo ni baya kuliko halali, maana jambo halali hujadiliwa.

Nazijua hoja za upande wa pili, nami nisizijibu nitakuwa nimetenda kosa lile lile ninalolishutumu.

Wapo watakaosema: basi tuache kabisa mizaha ya ndoa, ndoa ni ibada, ina staha yake. Wazee wenzangu wengi wako upande huu, na ninawaheshimu, ila sikubaliani nao. Ndoa isiyochekeka ni ndoa ya kuogofya. Makungwi walijua hilo. Hawakumpeleka mwari kwa mumewe bila kumchekesha kwanza juu ya mambo yanayomngoja huko, na yale anayoyacheka mtu hamwogopeshi tena. Mkitunyang'anya kicheko mtakuwa mmetuachia mahubiri peke yake, na sijaona nyumba iliyosimama juu ya mahubiri peke yake.

Wapo watakaosema: lakini wanawake nao wanawacheka wanaume. Kweli, na kipimo ni kile kile. Mume aliyepunguzwa kazini, anayepika kwa kuwa mke ndiye mwenye mshahara, huitwa "marioo" mbele ya shemeji zake, na anatakiwa atabasamu. Naye amechekwa, hajachekana na mtu. Sitetei jinsia, natetea zamu.

Na wapo watakaosema kwamba hadhira ndivyo inavyotaka, na mshereheshaji ana watoto wa kulisha. Hoja hii naiheshimu zaidi ya zote, kwa sababu ni ya kweli. Lakini nakumbuka marehemu King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyetuacha mwaka 2018. Alipata hadhira ambayo wengi wanaiota, na katika kazi zake nyingi aliyetoka ameaibika alikuwa mzee mwenyewe, na tamaa zake, na ujanja wake uliomrudi. Alijitoa yeye awe wa kuchekwa, nasi tukamlipa kwa mapenzi. Hadhira haikuwahi kudai mtu mnyonge, ilidai ichekeshwe.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunzi, wachoraji wa katuni, washereheshaji na vijana wa kamera za simu ni dogo. Kabla hujakifunga kichekesho chako, mwulize yule aliyechekwa angesema nini. Mpe sentensi moja. Isiwe ya kulia wala ya kutubu. Iwe kali kama ile iliyotangulia, au kali zaidi. Mkiona kwamba kichekesho kimekufa mara tu alipofungua mdomo, mjue hakikuwa kichekesho. Mkiona kimenoga, basi mmerudi nyumbani, kwenye kanga na ngonjera na Mama Kayai. Na kwa washereheshaji nina nyongeza: kipaza sauti kina waya mrefu siku hizi, au hakina waya kabisa. Kinaweza kumfikia bibi harusi.

Makala haya nilimsomea mke wangu kabla ya kuyatuma. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchicha, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, umetumia kurasa zote hizi kulalamika kwamba wake hawapewi nafasi ya kujibu. Na mimi umeniweka aya ya mwisho."

Nimeiacha kama alivyoisema. Sina jibu.